Kuku wa Kizimba Uani: Makao Mapya ya Kuku wa Mayai Waliostaafu Masisi na Walikale

Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Mwenye shamba la biashara humwondoa bandani anapofikisha wiki 72 hadi 80, au baadaye kidogo. Kufikia hapo ametaga mayai zaidi ya mia tatu, wala hajazeeka: kuku wa kijijini wa umri huo ndiyo kwanza ameshika mwendo wa kutaga, kuatamia na kulea. Kinachomtoa ni hesabu ya biashara. Mayai yamepungua, maganda yamekuwa membamba, lakini chakula chake, gramu 110 hadi 120 kwa siku, ni kilekile. Kundi zima huuzwa kwa pamoja ili banda lioshwe na vifaranga wengine waingizwe. Wanaonunuliwa wengi huishia chunguni siku hiyohiyo. Wachache hupelekwa nyumbani wakiwa hai na kuachwa waishi, na hao ndio wanaozungumziwa hapa.

Huko Uingereza kazi ya kuwanusuru imekuwa ya hisani. Mwaka 2005 Jane Howorth alianzisha shirika ambalo leo linaitwa British Hen Welfare Trust, likapatana na wenye mashamba kuwachukua kuku wao siku ya kuondolewa na kuwagawia watu wenye bustani. Tangu hapo mamia ya maelfu ya kuku wamepata nyumba kwa njia hiyo, na wengi wanafugwa kwa mapenzi tu, yai likiwa nyongeza. Katika Kivu ya Kaskazini, mkoa wa mashariki mwa Kongo zilimo Masisi na Walikale, mambo huenda kwa njia ya soko. Sehemu kubwa ya mayai yanayoliwa Goma huvuka mpaka kutoka Rubavu, Rwanda. Mengine hutoka mashamba ya mjini humo na ya Uganda. Penye kuku wa mayai wengi kiasi hicho hapakosi kuku waliostaafu, na hao huuzwa wakiwa hai kwa bei iliyo chini ya ile ya kuku wa kienyeji. Anayewaokoa ni mnunuzi, na kinachomsukuma ni bei.

Kwa mwenyeji wa Masisi au Walikale bei hiyo ina uzito wake. Mapema mwaka 2025 waasi wa M23 waliitwaa Masisi-centre mwezi Januari, kisha Goma mwezi huohuo, na Walikale-centre mwezi Machi. Kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, zilivunjwa mwezi Februari, na watu wengi wakapanda tena milima kurudi kwao. Kuku ndio mali inayotoweka kwanza katika misukosuko ya namna hiyo. Hawaswagwi njiani kama mbuzi, na mtu mwenye bunduki na njaa huanza nao. Kaya inayoanza upya bila hata tembe mmoja huona kuku wa kizungu wa bei nafuu ni bahati. Anaweza kweli kuwa bahati, ila mwili wake ni tofauti na wa kuku waliopotea, na asiyeielewa tofauti hiyo humzika ndani ya mwezi.

Mwili uliotoka kizimbani

Kizimba cha waya cha mtindo wa zamani kilimpa kila kuku sentimeta za mraba 550 tu, pungufu ya ukurasa mmoja wa karatasi ya kawaida ya ofisini. Ndicho kipimo kilichokubaliwa Ulaya hadi mwisho wa mwaka 2011. Sheria iliyopitishwa mwaka 1999 ikavipiga marufuku vizimba hivyo kuanzia Januari 1, 2012, na vilivyoruhusiwa kuendelea vikatakiwa kumpa kila kuku sentimeta za mraba 750, pamoja na kiota na fito ya kulalia. Si kila kuku wa mayai anayeuzwa Goma ametoka kwenye waya. Wengine wamekaa juu ya maranda, ndani ya banda lililofungwa. Maelezo haya yanawahusu wote, ila wa kizimbani ndiye mwenye kasoro nyingi zaidi.

Kasoro kubwa kuliko zote haionekani kwa macho, maana imo ndani ya mifupa. Ganda la yai moja lina takribani gramu 2 za kalisi. Mwili mzima wa kuku, kwa kukadiria, una gramu 20 tu. Kuku anayetaga karibu kila siku huikopa kalisi hiyo mifupani usiku, ganda linapotengenezwa, na kuirudisha mchana kutoka kwenye chakula. Deni lisipolipwa lote, mifupa hubaki na matundu. Kukaa bila kutembea wala kupiga mabawa kunazidisha udhaifu, kwa sababu mfupa usiobeba mzigo haujijengi. Ndiyo maana kuku waliostaafu wengi wana mfupa wa kidari uliowahi kuvunjika na kujiunga vibaya, na wengine huvunjika bawa au paja siku ya kutolewa, mikononi mwa wanaowakamata.

Halafu kuna mwanga. Mashambani taa huwashwa hadi siku iwe na saa 16 za nuru, maana nuru ndefu ndiyo inayouamuru mwili utage. Masisi iko digrii moja na nusu hivi kusini mwa ikweta, na siku yake ina saa 12 mwaka mzima. Kuku anayetoka kwenye taa na kufikia mchana wa saa 12, tena akiwa amechoshwa na safari, mara nyingi hukoma kutaga na kupukutisha manyoya. Wanunuzi wengi hudhani wametapeliwa. Ukweli ni kwamba mapumziko hayo ndiyo dawa aliyokuwa akiikosa. Kwa wiki sita hadi nane kalisi inabaki mwilini, manyoya mapya yanaota, na baadaye kutaga kunarudi kwa mwendo wa polepole, kwa mayai makubwa yenye ganda gumu zaidi. Anayemchinja katika wiki ya tatu kwa kuwa hatagi amemchinja katikati ya mapumziko hayo.

Mdomo nao hutazamwa. Mashamba mengi hukata ncha ya mdomo wa kifaranga ili kuku wasidonoane wanaposongamana. Mdomo butu hauokoti vizuri punje iliyotawanyika kwenye udongo mgumu, na hauwatoi chawa manyoyani. Kuku wa namna hiyo apewe chakula chake katika chombo chenye kina, kikiwa kimesagwa na kuloweshwa kidogo.

Kuchagua na kusafirisha

Sokoni upara haumtii kuku dosari. Mgongo mtupu na shingo isiyo na manyoya hutokana na waya na kudonoana, na huota tena. Dosari za kweli ziko kwingine: jicho lililozama au lenye povu, pumzi ya kukoroma, kinyesi cha kijani, shingo inayopinda, tumbo lililojaa maji, kizazi kilichotoka nje. Kidari kikatacho kama kisu kinaonyesha kuku amekonda kupita kiasi. Miguu ishikwe mmojammoja; mwenye afya husukuma kwa nguvu. Ni heri kununua watatu au wanne wa kundi moja kuliko mmoja peke yake, kwa kuwa wanafahamiana tayari na hawatapoteza siku za kwanza kupigania ukubwa.

Safari kutoka Goma hadi Sake ni fupi, kilomita zipatazo 25, na barabara inafuata ziwa. Taabu huanza baada ya Sake, inapopanda kuelekea Mushaki na Masisi-centre; masika huigeuza kuwa tope, na vizuizi vya njiani huifanya safari ya saa chache kuwa ya siku nzima. Kuku wengi hupanda milima hiyo wakiwa wamefungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa pikipiki. Kuku wa kienyeji hustahimili. Kuku wa kizimba havumilii: uzito wa mwili unaotikisika kila pikipiki inaporuka shimo unatosha kumvunja paja. Kapu la mwanzi au sanduku la mbao lenye matundu, lililofungwa nyuma ya pikipiki, humfikisha mzima. Chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, pia hufaa kwa masafa mafupi, ingawa ubaridi wa asubuhi juu ya Mushaki humuumiza kuku asiye na manyoya, naye afunikwe gunia upande wa upepo. Kwenda Walikale ni mbali zaidi na joto huongezeka kadiri njia inavyoshuka msituni. Huko hatari ya njiani ni kiu, na maji hayana budi kutolewa kila kituo.

Wiki mbili za kutengwa

Kuku mgeni hachanganywi na wenyeji siku ya kwanza. Atengwe kwa wiki mbili, mbali na kuku wengine, akiwa na chombo chake cha maji, na anayewahudumia wote aanze na wenyeji kisha amalizie kwa mgeni. Ushauri huu hupuuzwa kuliko mwingine wowote, na ndio wenye gharama kubwa zaidi ukipuuzwa.

Sababu ya kwanza ni mdondo, ambao wengine huuita kideri na ambao wataalamu wameupa jina la mji wa Newcastle. Ukiingia kijiji ambacho kuku wake hawajachanjwa, huua karibu wote. Kuku wa shamba la biashara kwa kawaida amechanjwa, kwa hiyo haugui. Lakini chanjo humkinga dhidi ya ugonjwa zaidi kuliko dhidi ya virusi vyenyewe: anaweza kuvibeba na kuvitoa kwenye kinyesi na pumzi huku akionekana mzima kabisa. Akiachiwa katikati ya kuku wa jirani, anaweza kuumaliza mtaa naye akabaki ananywa maji. Kuna familia ambazo zimepoteza urafiki wa miaka kwa jambo kama hilo.

Sababu ya pili inaelekea upande wa pili. Kuku aliyeishi juu ya waya hajawahi kukanyaga kinyesi. Hana kinga ya koksidiosi, ugonjwa wa kuhara damu ambao kuku wa kijijini huuzoea tangu utotoni, wala hajawahi kukutana na minyoo ya udongoni. Kwa hiyo wiki mbili za kutengwa zinatumika pia kumtambulisha kwa udongo taratibu: mahali pakavu, palipofagiliwa, kila siku muda mrefu kidogo kuliko jana. Akianza kuhara damu, dawa ya amproliamu katika maji humsaidia ikiwahi. Dawa ya minyoo hutolewa mwishoni mwa kipindi hicho, na mayai ya siku za dawa hayaliwi mpaka muda ulioandikwa kwenye pakiti upite.

Chanjo ya mdondo wapewe wote, wageni na wenyeji, angalau wiki mbili kabla ya kuwakutanisha. Katika maeneo yasiyo na umeme, ile inayoitwa I-2 ndiyo yenye maana. Ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ikikusudiwa vijiji visivyo na friji, na hustahimili joto kuliko chanjo za kawaida kama LaSota. Hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kupatikana kwake ndiko tatizo. Idara ya mkoa ya kilimo, uvuvi na ufugaji ina watu wake katika maeneo, na Butembo kuna kitivo cha tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, lakini chupa moja ya chanjo huwa na dozi za mamia ya kuku na haifai kufunguliwa kwa ajili ya wanne. Ni kazi ya mtaa mzima kuchanga na kuchanja siku moja. Kwa hakika hiyo ndiyo njia pekee ambayo chanjo ya kuku inaeleweka kijijini, hata pasipo kuku wa kizungu.

Banda la mlimani na banda la msituni

Masisi na Walikale zinapakana, lakini banda linalofaa moja halifai nyingine. Milima ya Masisi hupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku ni baridi, mvua haikawii na ukungu hulala hadi saa tatu asubuhi. Kuku mwenye upara huko anahitaji kuta zisizopitisha upepo, mlango unaotazama jua la asubuhi, na matandazo makavu ya maranda au majani ya nyasi yenye unene wa shibiri moja. Bati huleta baridi na umande ndani. Bati lenye dari ya mwanzi chini yake, au paa la majani, hufaa zaidi. Joto lisitafutwe kwa kuziba kila tundu. Hewa yenye harufu ya mkojo huunguza macho na mapafu, na kuku hufa kwa mafua ndani ya banda ambalo mwenyewe analisifia joto.

Walikale ni nchi ya msitu, sehemu kubwa iko chini ya mita 1,000, na adui wa kuku huko ni joto lenye unyevu pamoja na wanyama. Kuta ziwe za fito zilizoachana kwa upana wa kidole, paa liwe la majani, sakafu iinuliwe juu ya nguzo. Kuinua sakafu ni kwa ajili ya siafu hasa. Jeshi la siafu likiingia banda la chini usiku, huacha manyoya na mifupa, na kuku wa kizungu asiyejua kuruka ndiye wa kwanza kwisha. Nguzo husimamishwa ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya pikipiki au huzungushiwa majivu ya moto, na majivu huwekwa upya kila mvua ikiyanywea. Kanu na fungo hupenya penye mwanya. Nguchiro huja mchana. Nyoka hufuata mayai na panya. Milimani mwewe ndiye msumbufu mkuu, na dawa yake ni kivuli: migomba, mibuni, au kichaka cha matete ambamo kuku anaweza kujificha kwa hatua tatu.

Fito za kulalia ziwekwe chini, futi moja tu kutoka sakafuni, angalau kwa miezi miwili ya mwanzo. Kuku wa kizimba hajui kupanda wala kutua. Akiruka kutoka fito ya juu huangukia kidari, yaani mfupa uleule uliokwisha kuvunjika. Wengi hulala sakafuni mwanzoni, wamerundikana pembeni, nao waachwe hivyo mradi matandazo ni makavu.

Siku za kwanza nje

Kuku aliyetoka kizimbani akiwekwa juu ya majani husimama. Anaweza kusimama saa nzima, mguu mmoja juu, bila kujua afanye nini na anga. Hajui kwamba jua likizama kuku huingia ndani, kwa hiyo jioni abebwe mmojammoja na kuwekwa bandani. Baada ya siku nne au tano huanza kuingia mwenyewe. Kinachorudi haraka ajabu ni kuoga vumbi. Hata kuku ambaye hajawahi kuona udongo, akikuta shimo la vumbi kavu hulala ubavu na kuanza kujipaka. Udongo wa volkano wa kusini mwa Masisi, laini na mweusi, unafaa sana kwa hilo, na ukichanganywa na majivu ya kuni huwapunguza utitiri na chawa. Shimo lenyewe liwe chini ya kipaa, la sivyo mvua ya alasiri huligeuza dimbwi.

Kwenye vidonda vya kudonolewa hupakwa dawa ya zambarau, jeshiani. Inaua vijidudu, na inaificha rangi nyekundu ambayo ndiyo inayowaita wengine waendelee kudonoa.

Kuwakutanisha na kuku wa kienyeji kuna ngumi zake. Tembe wa kijijini ni mdogo kwa umbo lakini ana mdomo mkali na anajua vita. Wageni hukaa kwanza nyuma ya wavu au uzio wa fito, wanaonana bila kugusana, kwa wiki nzima. Kisha huingizwa usiku, wote wakiwa wamelala, na asubuhi chakula hutawanywa mahali pawili au patatu ili mnyonge asikose. Kudonoana kwa siku tatu ni kawaida. Damu ikionekana, aliyejeruhiwa aondolewe mara moja.

Chakula

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa nia njema. Kuku wa kijijini hujitafutia: mchwa, minyoo, mbegu, makombo ya bugali. Kuku wa kizungu aliyeachwa ajitafutie hivyohivyo huendelea kutaga kwa siku kadhaa kwa kutumia mwili wake mwenyewe, kisha huanguka. Mwili wake haujui kupunguza mayai kabla ya kupunguza mifupa. Chakula cha kutagia kutoka Goma kina protini ya asilimia 16 hadi 18 na kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4. Kubadilishwa kwenda chakula cha nyumbani kufanywe kwa wiki tatu, kikichanganywa kidogokidogo.

Cha nyumbani kinaweza kujengwa vizuri kwa vitu vya hapohapo. Mahindi na mtama hutoa nguvu. Protini hutoka kwa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950: wadogo na waliovunjika, ambao wachuuzi huwauza rahisi, hukaushwa na kusagwa pamoja na mifupa yao, na hivyo huleta kalisi pia. Walikale, ambako sambaza ni ghali, kuna mchwa, mabuu na mashudu ya mawese. Masisi kuna kitu kingine, yaani maji yanayobaki watengenezaji wa jibini wanapokamua maziwa yaliyoganda. Kuku huyapenda, na kikombe kimoja kwa kuku watano hakidhuru. Yakizidi huwaharisha, kwa kuwa tumbo la ndege halisagi vizuri sukari ya maziwa.

Maharagwe mabichi yana sumu, yapikwe. Maganda ya viazi yaliyogeuka kijani yatupwe. Mihogo michungu itolewe tu ikiwa imelowekwa na kukaushwa kama ya kuliwa na watu. Majani ya viazi vitamu na lengalenga yakatwe na kufungwa kishada juu, ili kuku ayarukie kidogo. Ni mazoezi ya miguu kwa mwili uliokatazwa kutembea. Kwa kalisi, maganda ya mayai yakaushwe motoni na kusagwa yasionekane umbo, maana kuku akilitambua ganda hujifunza kula mayai. Maganda ya konokono wa msituni, yakipondwa vizuri, ni bora zaidi. Kalisi hiyo iwekwe katika chombo cha peke yake: kila kuku huchukua kiasi anachohitaji, hasa jioni, ganda linapoanza kutengenezwa.

Kuku na bustani

Kuku na mche havipatani. Kuku wanne huweza kung'oa tuta la lengalenga asubuhi moja, wala hawali walichokifukua, wanatafuta funza. Vitunguu, kabichi na maharagwe yanayoota yazungushiwe fito. Chini ya migomba na mibuni hali ni tofauti. Huko kuchakura kwao hupalilia, hula mabuu ya wadudu, na kinyesi hubaki mahali kinapohitajika. Mpango unaofaa ni kuwafungia mpaka saa tano au sita asubuhi, wakati wengi wameshataga kiotani, kisha kuwaachia migombani hadi jioni. Hivyo mayai hayapotei vichakani na jirani hana la kulalamikia.

Kinyesi cha bandani kina naitrojeni kali inayounguza mizizi kikiwa kibichi. Kirundikwe na majani makavu kwa miezi miwili au mitatu, kikigeuzwa, ndipo kitiwe shambani.

Mayai yanayobaki, na vifaranga

Baada ya mapumziko, kuku aliyestaafu mwenye lishe nzuri hutaga mayai matatu au manne kwa wiki, kisha pungufu mwaka hadi mwaka. Hata hayo ni mengi: tembe wa kienyeji hutaga kati ya 40 na 60 kwa mwaka mzima, kwa sababu huacha kutaga kila anapoatamia na kulea. Kuku wa kizungu karibu hajui kuatamia. Wafugaji wameichuja tabia hiyo kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa kuku anayeatamia hatagi.

Kwa kaya iliyopoteza kundi lake, faida kubwa ya kuku huyu iko katika kuunganisha upungufu huo na tabia ya tembe wa kienyeji. Akiwa na jogoo wa kijijini uani, mayai yake huwa na mbegu ndani ya siku chache. Mayai 10 au 12 yakiwekwa chini ya tembe wa kienyeji anayeatamia, huanguliwa siku ya 21, na vifaranga hulelewa na mama anayejua mwewe ni nini. Machotara hao hawafanani wote, na wana wao wa kizazi cha pili hutofautiana zaidi, lakini wengi hutaga kuliko bibi yao wa kijijini na hujitafutia chakula kuliko mama yao wa kizimbani. Mama mzazi hataishi sana: kuku wa kisasa hufa kwa maradhi ya njia ya uzazi, yai kukwama, uvimbe, au yai kupasukia tumboni, na waliookolewa wengi huishi mwaka mmoja hadi mitatu zaidi. Mwaka mmoja unatosha kumwachia kila tembe wa kienyeji vifaranga wake mara mbili au tatu. Kaya iliyonunua kuku wanne kwa ajili ya mayai ya kuuza mara nyingi huvunjika moyo. Iliyowanunua ili kulirudisha kundi hupata kundi.

Anapoacha kutaga kabisa, akatembea kwa miguu iliyopanuka na tumbo likawa gumu, anateseka na achinjwe. Ikiwa alipewa dawa, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti zinahusu nyama pia. Aliyekufa mwenyewe haliwi na hatupwi mtoni. Huzikwa kwa kina cha mkono mzima na kumwagiwa majivu au chokaa, hasa ikiwa wamekufa zaidi ya mmoja. Nyama ya aliyechinjwa ni ngumu, yenye mafuta ya manjano na mchuzi mzuri. Kwenye milima inayopita mita 2,000 maji huchemka kabla ya kufika joto la nyuzi 94, kwa hiyo sufuria hufunikwa vizuri na kuachwa motoni saa tatu.